Mahari ya Kinamasi

Agar aliamka na kukuta shuka limelowa upande wake. Upande wa mumewe ulikuwa mkavu. Alitazama mabati juu ya kitanda, hakuona tundu. Alinusa shuka. Lilinuka kama chuma kilichosahauliwa ndani ya maji.

Ndoa yao haikuwa imetimiza mwezi, na mwanamke mpya haanzi kulalamikia nyumba aliyojengewa. Alitoa shuka nje, akalianika, akawasha mbabula, jiko lake la makaa, na kuweka sufuria ya chai.

Kesho yake lilikuwa limelowa tena. Upande uleule.

Nyumba ilisimama bondeni, katika komini ya Bulengera, mjini Butembo. Ilikuwa miaka ya vita. Watu wa vijijini walikuwa wakiingia mjini kila wiki na magodoro vichwani, wengine wakikimbia waasi, wengine wakikimbia wapiganaji wa Maï-Maï, wengine wakiwakimbia wote. Vilima vilijaa. Waliochelewa walipata mabonde. Mumewe, Kakule, fundi seremala, alinunua parsele, yaani kiwanja, ndani ya matete, akaleta malori ya udongo mwekundu, akamwaga, akashindilia, akangoja jua likaushe, akajenga. Majirani zake walifanya hivyohivyo. Kabla yao bonde lilikuwa kinamasi, na kabla ya hapo hakuna aliyeuliza lilikuwa nini.

Asubuhi moja Agar aliona nyayo sakafuni.

"Kakule."

"Mm."

"Ule bibi yako mwingine, anakujaga saa ngapi?"

Kakule alikuwa akifunga vifungo vya shati. "Bibi gani?"

"Ule mwenye kupita hapa na matope mu miguu. Ata viatu hapana mununulia? Miye ulinioa na viatu ya talon murefu, yeye unamuacha miguu tupu?"

"Agar, hapana anza asubui yote hii."

"Ni yeye ameanza. Angalia."

Nyayo zilitoka mlangoni hadi kitandani, upande wa Agar. Zilikuwa ndogo, vidole vimetawanyika. Agar aliweka mguu wake kando ya mmoja; wake ulikuwa mkubwa zaidi.

"Miye navalaga numero trente-neuf. Huyu ni trente-cinq. Ulitafuta mwenye miguu ya mutoto, si ndiyo?"

Kakule alicheka. Kisha akainama, akagusa tope kwa kidole, na kicheko kikaisha. Lilikuwa jeusi. Udongo wote wa uwanja wake ulikuwa mwekundu, aliulipia mwenyewe. Udongo mweusi ulikuwa chini kabisa, chini ya msingi. Na aliona jambo ambalo mkewe alikuwa bado hajaliona: nyayo zilikuwa zimeingia, lakini hakukuwa na za kutoka.

Alipiga deki mwenyewe kabla ya kwenda kazini. Tangu waoane hakuwahi kushika tambara.

Mahari ya Agar ilikuwa jembe. Katika mji uliojaa watu waliooa kwa mbuzi na dola, habari hiyo ilichekesha watu, lakini ilikuwa na sababu.

Baba yake, mzee Eliezer wa Vuhovi, mzee wa kanisa la Kiprotestanti, alikuwa ameomba mbuzi kama baba yeyote. Kakule aliwanunua, akawapeleka kwa miguu. Kwenye kizuizi cha njiani wanajeshi waliwachukua wote, na mmoja wakamchinja Kakule akiwa bado amesimama pale. Alifika kwa mkwe wake na kamba mikononi.

"Kamba ni ya kufunga nini, mukwe?" Eliezer aliuliza. "Binti yangu?"

Vijana wa nyumba ile walicheka hadi wakakaa chini. Kakule alieleza. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Basoda banakula mbuzi. Ukileta ingine, batakula tena, na binti yangu atazeekea hapa. Sikia. Koko yangu, ule babu, alioa na jembe ya chuma. Jembe basoda hapana kula. Tafuta ile ya zamani, ya kufuliwa na nyundo, ulete. Dot, ile mahari, itakuwa imekwisha."

Katika ukoo wa Eliezer, zamani, jembe lilikuwa ndoa yenyewe. Baba wa msichana akilipokea, msichana ameolewa. Akilirudisha, ameachika. Madukani Butembo kulikuwa na majembe ya kiwandani tu. Lakini Kakule alikuwa na jembe la kufuliwa. Alikuwa amelipata alipochimba msingi, kwenye kona ambayo sasa ilikuwa chumba cha kulala. Sululu yake iligonga magogo yaliyopangwa. Kati ya magogo mawili kulikuwa na kipande cha mkeka wa matete, na juu ya mkeka jembe, bila mpini, limelazwa kama mtu anavyomlaza mtoto. Alilitupa kwenye ateliye yake ya useremala na kulisahau.

Sasa alilisugua kwa mchanga na mafuta, akalipitisha kizuizini ndani ya shati, akalitoa mbele ya wazee. Eliezer alilitundika juu ya mlango wake. Agar hakuuliza lilitoka wapi. Bibi harusi haulizi mbuzi walizaliwa zizi gani.

Baada ya nyayo, mambo yalikwenda haraka. Picha ya harusi ilikuwa ukutani ndani ya fremu ambayo Kakule aliitengeneza mwenyewe. Unyevu uliingia chini ya kioo, ukala uso wa Agar. Uso wa Kakule, tai yake, hata maua nyuma yao, vilibaki. Vitenge vya Agar vilioza ndani ya sanduku. Mashati ya Kakule, ndani ya sanduku hilohilo, yalikuwa makavu na yamekunjwa upya. Agar hakuwa ameyakunja.

Siku moja alirudi kutoka sokoni na kukuta meza imeandaliwa. Sahani moja, mbele ya kiti cha Kakule. Bugali ulikuwa unatoa mvuke. Alikwenda kushika mbabula. Ilikuwa baridi, na majivu ya asubuhi yalikuwa bado ndani yake.

Alimwaga chakula kile nje. Kuku wa jirani hawakukisogelea.

Kisha mvua za alasiri zilianza, kama zinavyoanza Butembo kila msimu, na pamoja na mvua ikaja sauti. Agar alikuwa peke yake, akichambua maharagwe. Mwanzoni alidhani ni maji ya paa yanadondoka ndani ya ndoo. Alitoa ndoo. Sauti iliendelea, na sasa aliisikia vizuri, na ilikuwa chini yake, chini ya sementi, chini ya kiti alichokalia, sauti ya jembe linaloingia katika udongo wenye maji na kutoka, linaloingia na kutoka, bila haraka, kama mwanamke anayelima shamba lake mwenyewe na anayejua kwamba hakuna atakayemwondoa, na ilianzia mlangoni ikasogea polepole hadi chumbani, ikafika upande wake wa kitanda, ikasimama pale, na Agar, ambaye alikuwa ameinua miguu juu ya kiti bila kujua, aliona kupitia mlango ulio wazi mgongo wa mtu aliyeinama, viwiko vikidondosha maji, akitandika shuka.

Alitoka nje kwenye mvua na kukaa chini ya paa la jirani hadi mumewe aliporudi.

"Si mwanamuke wa inje," alimwambia. Alisema kwa sauti ya chini, ingawa walikuwa mbali na nyumba. "Kakule, nilikutukana bure. Ule hapana kuja usiku. Ule eko anaikala pale."

Waliita mchungaji. Alikuja na wanawake wa kwaya, wakaimba sebuleni. Jembe lilianza chini ya sakafu katika ubeti wa kwanza. Walipoongeza sauti, lilifuata mdundo wao. Mwanamke mmoja aliacha kuimba, akachukua mtoto wake na viatu vyake, akatoka. Wengine walimaliza wimbo kwa sababu mchungaji alikuwa bado anaimba, na mchungaji aliwaambia wenye nyumba kwamba wafunge na kuomba, kisha akakataa chai.

Choo kilijaa maji. Hakikujaa kwa mvua. Maji yalipanda kutoka chini. Kakule aliamua kuchimba kingine nyuma ya chumba cha kulala. Alikuwa amezama kifua ndani ya shimo siku mteja wake Élysée alipokuja kuuliza rafu za vitabu alizokuwa amemwagiza.

Élysée alifundisha historia ya kale kwenye chuo kimoja mjini. Alikuwa amesomea kuchimbua makazi ya watu wa zamani. Kwa sababu ya vita barabara zilifungwa na hakuwa amechimba mahali popote. Alichungulia ndani ya shimo la choo, akavua koti.

"Fundi, toka. Pole pole. Hapana gusa ukuta."

"Ni choo, profesa."

"Najua ni choo. Toka."

Alikaa humo alasiri nzima, na kesho yake tena, akikwangua ukuta wa shimo kwa mwiko wa mwashi na kushuka chini zaidi. Magogo yalipozuia, aliomba msumeno. Alipomaliza aliwaita Kakule na Agar wasimame ukingoni.

"Huu mwekundu ni wako, fundi, na sashe zako, mifuko ya plastiki, ndani. Chini yake mweusi: matete iliota, ikaoza, miaka mingi. Halafu angalia miti. Imekatwa na shoka, imepangwa, juu yake mukeka, juu ya mukeka udongo wa kilima. Si mto umeileta. Donc, maana yake, mutu alifukia hii kinamasi zamani, mbele yako, akaikala hapa."

"Nani?" Kakule aliuliza.

"Udongo hapana andika jina. Lakini shuka tena. Chini ya miti ile kuna tope nyeupe, laini kama poda. Ile ni mafuriko. Chini ya mafuriko, miti tena: bengine balifukia mbele ya bale. Chini yake, tope nyeupe tena. Na miti tena. Mara tatu bamejaribu. Mara mbili maji imekuja kuchukua kitu yake."

Alikuwa na furaha ya mtu aliyepewa chakula baada ya njaa. Alielekeza mwiko kwenye kona, upande wa chumba cha kulala. Katika magogo ya chini kabisa kulikuwa na shimo dogo, na ndani yake alama ya kutu yenye umbo la jembe. Jembe lenyewe halikuwepo. Katika magogo ya kati ilikuwa vilevile: shimo, kutu, hakuna jembe. Na kila mara, ndani ya tope jeupe lililofunika magogo, kulikuwa na mifupa ya mkono wenye bangili za shaba. Mkono ulikuwa umenyooka, vidole ndani ya shimo.

"Banawake?" Agar aliuliza.

"Kwa bangili, ndiyo. Labda balizikwa kama sadaka, sijui. Kitu udongo inasema ni moja: jembe ilitoshwa mu shimo yake kwanza, maji ikakuja nyuma. Nani alitosha, udongo haisemi." Élysée aligeuka. "Kitu nashangaa, ile miti ya juu haina mafuriko. Ile jembe yake inapashwa kuwa mahali pake mpaka leo."

Agar alikuwa anamtazama mumewe.

"Jembe ya baba," alisema. "Ulitosha wapi?"

Kakule alionyesha kona kwa kidevu.

"Umenioa na kitu ya mwanamuke mwingine."

"Sikujua kama ni ya mutu."

"Kila kitu ni ya mutu! Ukipata mukufu mu kitanda ya bibi mwingine, utanivalisha miye?"

Élysée alishika koti lake na kusema kwamba rafu si za haraka.

Juu ya mteremko alikaa bibi kizee aliyeitwa Kanyere. Vijana walimwita koko, jina la babu na nyanya wote. Ukoo wake ndio uliofyeka bonde lile kwanza, na watu waliojenga kwa desturi walimpelekea pombe ya ndizi kabla ya kuchimba. Kakule hakumpelekea. Kanisa lake lilikataza, na kizee hakuwa na karatasi yoyote ya parsele.

Aliwasikiliza akiwa anamenya viazi. Hakuonekana kushangaa.

"Nchi ya kilima unaomba," alisema. "Nchi ya maji unaioa. Mutu akitaka kufukia kinamasi, analeta jembe, anasema jina yake, analilaza. Yule mwenye maji anatulia. Anakuwa bibi ya nyumba. Baba wa koko yangu alioa pale, na hapana gusa jembe mpaka Babeleji balihamisha kijiji kando ya barabara. Wewe ulikuta harusi ya mutu, ukabeba mahari, ukaenda kuoa nayo kwingine. Wewe, ungekuwa yeye, ungefanya nini?"

"Nitarudisha," Kakule alisema.

"Utarudisha na mukono yako, na jina yako. Mwenye kurudisha ndiye bwana."

Agar alisogea mbele. "Na miye, koko?"

"Wewe, baba yako apate mahari ingine mu mikono mbele ya kuachilia jembe. Asipopata, hauko bibi tena."

"Donc atakuwa na babibi babili."

"Beko babili tayari. Ni wewe ulikuwa hapana jua." Kanyere aliweka kisu chini. "Mutakuwa na amani. Nyumba itakauka. Atakuachia kitanda. Lakini jembe ikisharudi, mutu asiiguse. Ata kwa hasira. Zaidi sana kwa hasira."

Huko Vuhovi, Kakule alinunua mbuzi nyuma ya kilima cha mkwe wake, mahali pasipo na kizuizi, na kumfikisha mlangoni. Alikuwa amejiandaa kubembeleza. Eliezer alikuwa tayari ameshusha jembe. Tangu wiki ya harusi, alisema, lilikuwa linadondosha maji kwenye kizingiti, jua likiwaka au lisiwake. Alipokea kamba ya mbuzi kwanza, akalikabidhi likiwa limefungwa ndani ya majani ya mgomba, akimfikiria binti yake na mbuzi kwa pamoja.

"Mukwe, uko nanunua binti yangu mara ya pili?"

"Ndiyo, baba."

"Basi mupende mara mbili," mzee alisema, akamvuta mbuzi ndani haraka.

Walivunja sementi kwenye kona ya chumba cha kulala, wakachimba hadi kwenye magogo. Kanyere alitandika kipande cha mkeka mpya, akamwaga pombe. Agar alisimama mlangoni.

"Nani analeta?" kizee aliuliza.

"Ni miye, Kakule."

"Unalileta kwa nani?"

"Kwa mwenye nyumba."

Alijibu bila kusita. Siku ya harusi yao kanisani mchungaji alilazimika kumuuliza mara mbili, na watu walicheka. Agar alikumbuka hilo.

Nyumba ilikauka, kama walivyoambiwa. Shuka lilikuwa kavu pande zote mbili. Vitenge vipya havikuoza. Shimo la choo lilikauka hadi chini, Kakule akajenga choo juu yake, na Élysée akapata rafu zake. Chini ya sakafu palikuwa kimya. Kakule alifukia kona kwa udongo, bila kuushindilia wala kuweka sementi. Alisema atafanya baadaye. Majirani walisema mchungaji amefunga na kuomba vizuri.

Agar alianza kuona mambo mengine.

Kakule alirudi mapema kutoka ateliye. Zamani ilikuwa lazima aitwe. Alivua viatu kabla ya kuingia chumbani, na hakukanyaga kona. Aliizunguka kama mtu anavyozunguka mkeka uliokaliwa. Alilala ameelekea ukutani. Siku ambazo Agar alikwenda kanisani, alirudi na kukuta sahani moja imeoshwa na kuwekwa juu ya sufuria, bado inadondosha maji.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nani alipika?"

Kakule alifuta mdomo. "Agar, amani imerudi. Hapana tafuta maneno."

"Nauliza tu. Anapika kunipita?"

Kakule alichelewa kujibu. Kuchelewa huko Agar alikubeba wiki nzima, sokoni, kisimani, kwenye maombi ya wanawake. Mwanamke wa kawaida ungemfuata nyumbani kwao, ungemvua kitambaa mbele ya dada zake, ungemtukana hadi mtaa mzima ujue. Huyu hakuwa na dada wala mtaa. Huyu alikuwa wa kwanza, na alikuwa kimya, na hakuzeeka.

Kakule alipata kazi ya milango huko Beni. Aliondoka na lori la mbao asubuhi. Agar alimfungia chakula, akamsindikiza hadi barabarani, na aliporudi alitambua kwamba Kakule amesahau kitu kimoja tu: hakuwa amemwaga mkewe kwaheri. Ila pale kwenye kona ya chumba, juu ya udongo, kulikuwa na alama ya kiganja cha mkono wa kiume, kimekandamizwa taratibu.

Mvua ilianza alasiri. Haikuwa kubwa; majirani walikubaliana juu ya hilo baadaye. Agar alichukua sululu.

Aliijua mifupa ile. Siku ile ya Élysée alisimama juu yake ukingoni mwa shimo la choo. Lakini aliielewa kama Élysée alivyoielewa, kwamba walikuwa wanawake waliochukuliwa, na yeye hakuwa amekuja kuchukuliwa, alikuwa amekuja kuchukua, kulitoa jembe lile na kulitupa mbali na bonde, Vuhovi, Kamango, hata ng'ambo kwa Waganda, mahali ambapo hakuna mwanamume atakayelilaza tena na kutaja jina lake juu yake, na udongo ulikuwa laini kwa sababu mumewe hakuushindilia, na sululu iligonga gogo, na alipiga magoti, akalala kifudifudi juu ya kitenge chake, akaingiza mkono kati ya magogo hadi kiwiko, hadi bega, shavu lake likiwa juu ya udongo, akagusa mkeka, akagusa chuma, nacho kilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka kukumbatiwa, akakishika kwa vidole vyote na kuvuta, na kikaja, kikaja vizuri, halafu hakikuja tena, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na mtu aliyekuwa amekishika pia, mtu ambaye hakuwa akivuta kwa nguvu, alikuwa ameshika tu, kama mwenye mali anavyoshika. Na wakati maji yalipoanza kupanda kati ya magogo, meupe, yakimfikia mdomoni, Agar alikumbuka jinsi mikono ile ilivyokuwa imenyooka, na akaelewa kwamba wake wenza kama yeye ndio waliotoa majembe, kila mara, na kwamba hakuna aliyewazika.

Angeweza kuachia. Vidole vilikuwa vyake. Aliwaza kiganja kile cha mumewe juu ya udongo, na hakuachia.

Kakule alizuiliwa njiani, kama kila mtu aliyetoka Beni wakati ule. Alipofika, maji yalikuwa yamefika madirishani na kushuka. Nyumba nyingine za bonde zilikuwa zimelowa vizingiti tu. Sakafuni mwake kulikuwa na tope jeupe, laini, lililosawazishwa kama lipu, kutoka ukuta hadi ukuta. Kitenge cha Agar kilikuwa nusu ndani yake. Kona haikuonekana tena.

Élysée alikuja akasimama mlangoni. Alitazama tope, kisha akatazama viatu vyake, na hakuingia.

"Fundi, tuchimbe pale? Tumutoshe?"

"Hapana."

"Ni bibi yako."

"Profesa," Kakule alisema, "ukichimba, utapata nini yenye hujaona?"

Mzee Eliezer alifika kutoka Vuhovi akimvuta mbuzi. Aliomba mwili, wakamwambia hakuna mwili. Alikaa juu ya jiwe kwa muda mrefu. Kisha alimfunga mbuzi kwenye nguzo ya baraza.

"Dot yako," alisema. "Nataka binti yangu awe wangu tena. Ata kama hapana muona."

Aliondoka bila kunywa maji. Hakuna aliyemwambia kwamba kulikuwa na mahari nyingine, jembe lile chini ya tope, na kwamba hiyo haikurudishwa.

Kakule aliita malori. Wakamwaga udongo mwekundu juu ya tope jeupe, wakashindilia, wakapandisha sakafu. Kanyere alipita barabarani akaona, akamuuliza kwa nini hahami. Alijibu kwamba mtu hawezi kuhama na kuacha nyumba yenye watu.

Siku ya kwanza aliyolala humo alitandika shuka jipya, akalala katikati. Mvua ilinyesha kidogo ikaacha. Ndipo jembe lilipoanza chini yake, taratibu, likiingia na kutoka, na Kakule alifumba macho kama mtu aliyefika kwake. Kisha akayafumbua.

Majembe yalikuwa mawili. Moja lilianzia upande wake wa kushoto, jingine upande wa kulia. La kwanza lilipopiga, la pili lilinyamaza. La pili lilipopiga, la kwanza lilinyamaza, kama wanawake wawili wanaolima shamba moja na hawasemezani. Yalikuwa yanasogea.

Alinyoosha mkono kushoto. Shuka lilikuwa limelowa. Alinyoosha kulia. Lilikuwa limelowa. Pale katikati, mahali palipokuwa bado pakavu, palikuwa sawa na upana wa mwili wake, na palikuwa panapungua.